Kuazimana Vyuo: Desturi ya Wasomaji wa Pwani na Faida Yake kwa Uchunguzi wa Lugha

Mtu apendaye vitabu hatosheki na kusoma peke yake. Akimaliza kitabu kilichomgusa moyo hutafuta mwenziwe wa kumsimulia, na mwenziwe akivutiwa huuliza swali moja tu: chapatikana wapi? Mahali penye maduka ya vitabu swali hilo hujibiwa kwa jina la duka. Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kabla ya vitabu vya chapa kuenea, jibu lake lilikuwa jina la mtu. Chuo fulani kilikuwa nyumbani kwa fulani bin fulani, na aliyekitaka hakuwa na budi kwenda kukiazima, kukisoma, na akikipenda, kukinakili kwa mkono wake au kumlipa mwandishi amnakilie.

Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa desturi hiyo ya kusifiana vyuo na kuazimana haikuwa jambo la pembeni katika maisha ya fasihi ya Kiswahili. Ndiyo iliyochagua tungo zipi zibaki na zipi zipotee. Ndiyo iliyosaidia kuieneza lugha ya ushairi kutoka mji hata mji. Tena ndiyo asili ya nyingi katika zile tofauti za nakala ambazo wahariri wamezoea kuzihesabu kuwa makosa. Mchunguzi anayeyatafuta maneno ya mtunzi peke yake, akayatupa ya wasomaji waliompokelea, huitupa sehemu kubwa ya ushahidi alio nao mkononi.

Maneno yenyewe

Yafaa kwanza kuyatazama maneno. Leo chuo ni mahali pa kufundishia, na kitu kisomwacho huitwa kitabu, kwa neno lililotoka katika Kiarabu. Lakini katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa na maana zote mbili, kitabu na mahali pa kusomea. Utendi wa Tambuka hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, wala hakuna anayedhani kwamba Herekali, mfalme wa Warumi, alikuwa na shule. Mwanachuoni naye ni mtu wa vyuo, yaani mtu aliyelelewa na vitabu. Lugha yenyewe basi yashuhudia kuwa kitabu na mafundisho havikutenganishwa: aliyekuwa na chuo alikuwa na watu wa kukisoma naye.

Neno la pili ni kuazima. Lina tabia ya kustaajabisha, kwa kuwa hutumika kwa pande zote mbili za jambo moja. Anayetoa huambiwa, niazime kitabu chako; anayepokea husema, nimekiazima kwa fulani. Kukopa hakuko hivyo, kwani huko mtoaji hukopesha na mpokeaji hukopa. Tena mtu hukopa fedha au mchele, akarudisha nyingine za kadiri ile ile. Lakini huazima jembe, nguo au chuo, akarudisha kitu kile kile alichopewa. Methali yasema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Chuo cha kuazima kilikuwa na bahati kuliko nguo, maana kiliporudishwa kwa mwenyewe kiliacha nakala nyuma yake, na aliyekirudisha hakubaki uchi.

Neno la tatu ni kupendekeza. Limezaliwa na penda kwa njia ya pendeka, na asili yake ni kukifanya kitu kiwe chenye kupendwa. Anayependekeza chuo hatoi hukumu juu yake tu. Hujitia katika kazi ya kumfanya mwingine akipende. Katika desturi inayoelezwa hapa kazi hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa mwenye kukisifu chuo alitakiwa kuwa tayari kukitoa mkononi mwake.

Gharama ya kunakili

Gharama ya anayepokea ilikuwa kubwa zaidi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athmani, na ambao tarehe yake hutajwa kuwa mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Kila ubeti una vipande vinne, basi mnakili hukabiliwa na vipande zaidi ya 4,400, vyote vya kuandikwa kwa kalamu ya kuchovya. Utendi wa Mwana Kupona, kwa kulinganisha, una beti mia na kidogo. Hapana haja ya kusema ni upi ulio mwepesi kunakiliwa na mtu aliyeazima chuo kwa muda mfupi. Urefu wa utungo uliamua kwa sehemu utafika wapi, na nakala ya utendi mrefu ni ushahidi kuwa mtu aliupenda kwa kiasi cha kuutolea jasho.

Ndiyo sababu kurasa za mwisho za hati nyingi zastahili kusomwa kwa makini kama kurasa za mwanzo. Huko mwandishi huweza kutaja jina lake, tarehe ya Hijra aliyomaliza, na pengine jina la mtu aliyemwandikia. Humwomba msomaji dua, na humsihi amsamehe palipo na kosa na kulisahihisha. Maneno hayo yamezoewa mno hata wahariri wengine huyaruka. Lakini ndani yake mna jambo la maana: mwandishi anamtazamia msomaji asiyemjua, naye anampa ruhusa ya kuutengeneza utungo. Chuo hakikuhesabiwa kuwa kimefungwa.

Palikuwa na njia nyingine ya kukitoa chuo, nayo ni wakfu. Mwenye kitabu aliweza kukiweka wakfu kwa msikiti au kwa wanafunzi, na sharti la wakfu likaandikwa humo humo, kwamba kisiuzwe wala kisirithiwe. Vyuo vya namna hii vilikuwa zaidi vya elimu ya dini kwa Kiarabu. Vyuo vya Kiswahili, hasa mashairi, vilitegemea zaidi urafiki, ujamaa na ujirani.

Chuo na sauti

Asiyeijua hati ya Kiarabu kama ilivyotumika kwa Kiswahili aweza kudhani kuwa aliyepata nakala amepata kila kitu. Sivyo. Hati hiyo ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano; kwa hiyo e na i huandikwa namna moja, na o na u vivyo hivyo. Sauti za p na b mara nyingi zilishirikiana herufi moja, na ile m itanguliayo b iliweza kuachwa bila kuandikwa. Neno moja lililoandikwa laweza basi kusomwa bata, au pata, au mbata, na ni maana ya ubeti tu itakayoamua. Palipo na neno la kale au la lahaja ya mbali, hata maana haisaidii.

Kwa hiyo kumpa mtu chuo bila kumsomea kulikuwa nusu ya kumpa. Aliyekipendekeza alikisoma kwa sauti, naye mpokeaji alisikiliza, akauliza, akasahihisha masikio yake kabla ya kusahihisha karatasi yake. Tendi zilisomwa kwa mahadhi mbele ya watu, na wengi waliosikiliza hawakujua kusoma; hata hivyo walizishika beti kwa moyo na kuzipeleka kwao. Msikilizaji wa namna hiyo alikuwa kiungo katika mlolongo sawasawa na mnakili. Tofauti moja tu ndiyo iliyokuwapo: mnakili alikosea kwa jicho, na msikilizaji alikosea kwa sikio. Mchunguzi mwenye uzoefu aweza kuzibagua aina hizi mbili za makosa, na kwa kuzibagua akajua kama nakala iliyo mbele yake ilitoka katika chuo kingine au katika kumbukumbu ya mtu.

Utungo unaojipeleka wenyewe

Mfano ulio wazi wa chuo kilichokwenda mkono kwa mkono ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mwanzoni mama humwita bintiye akae karibu naye na kuleta wino na karatasi, kama ilivyo desturi ya watunzi wa tendi. Mpaka hapo utungo ni wasia wa nyumba moja. Lakini unapokaribia mwisho mtunzi hubadili wasikilizaji wake: huwaita wanawake wote wausome na kuifahamu maana yake. Wasia wa mtu mmoja umefanywa kuwa chuo cha watu wote, na mtunzi mwenyewe ndiye wa kwanza kukipendekeza.

Mwito huo uliitikiwa. Utendi ulinakiliwa na kusomwa majumbani, hata Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 hawakuufufua utungo uliokufa, waliukuta ukitembea. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila inaposemwa kuwa elimu ya vyuo ilikuwa ya wanaume peke yao. Mlolongo wa Mwana Kupona ulipita kwa mama, binti, dada na somo, ndani ya nyumba ambamo mgeni wa kiume hakuingia.

Msomaji aliyeupenda utungo kupita kiasi alikuwa na njia ya juu zaidi ya kuusifu kuliko kuunakili, nayo ni kuutia takhmisi. Huchukua vipande viwili vya mtunzi wa kwanza, akavitangulizia vitatu vyake mwenyewe, ubeti ukawa wa vipande vitano. Takhmisi ya Liyongo, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi, huhesabiwa kuwa kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule aliyetunga Al-Inkishafi. Katika kazi ya namna hii msomaji na mtunzi wanaonekana bega kwa bega katika ubeti mmoja. Maneno ya kale yamehifadhiwa kwa sababu mtu alitaka kuyajibu.

Lugha iliyosafiri na vyuo

Faida kubwa ya desturi hii kwa mjuzi wa lugha imo katika lahaja. Chuo cha Lamu kilipofika Mombasa, Mrima au Unguja, mnakili alikuwa na hiari mbili. Aliweza kuyaacha maneno yalivyo, au kuyageuza yafuate matamshi ya kwao. Mwenye kusema njia na maji aliona mbele yake ndia na mayi, na kalamu yake ikavutwa huku na huku. Ndiyo maana nakala nyingi zina mchanganyiko, ubeti mmoja ukiwa na umbo la kaskazini na ule uufuatao ukiwa na la kusini.

Lakini hiari hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ni vina. Ikiwa kina cha ubeti ni ya, neno kuya likisimama mwishoni haliwezi kugeuzwa kuwa kuja bila kuuvunja ubeti. Hapo mnakili wa Unguja alilazimika kuliacha neno la Kiamu lilivyo. Akiliandika mara kumi katika vyuo kumi vya kuazima, lilimzoea; na siku alipotunga utungo wake mwenyewe, lilimjia kama neno la ushairi na si kama neno la ugenini. Hii ni sababu moja kubwa, pamoja na heshima ya washairi wa Pate na Lamu, iliyofanya watunzi wa Mrima na Unguja watumie maumbo ya kaskazini ambayo hawakuyatumia sokoni. Lugha ya ushairi wa Kiswahili ilijengwa kwa sehemu na wasomaji waliopeana vyuo.

Kwa hiyo mhariri anayekusanya nakala tano za utendi mmoja na kuyarudisha maneno yote katika Kiamu safi hutenda jema na ovu kwa pamoja. Humpa msomaji kitu kinachokaribia kauli ya mtunzi, lakini huifuta njia ambayo utungo ulipita. Tofauti za nakala zikichapwa chini ya ukurasa, zikiwa na jina la mji na la mnakili, hakuna kinachopotea.

Mlolongo wa watu watatu

Hatari ya desturi hii yaonekana wazi katika habari za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki mwaka 1840, miaka mitatu baada ya utawala wa Wamazrui kuanguka. Mashairi yake mengi yalikuwa majibu ya mambo ya siku ile, vita, siasa, mapenzi na njaa, wala hayakukusanywa katika diwani moja maishani mwake. Yalikaa katika vinywa vya watu na katika karatasi zilizotawanyika.

Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Aliyatafuta, akayaandika, na juu ya hayo akaeleza shairi fulani lilisemwa kwa tukio gani na likimjibu nani. Kazi hiyo aliifanya pamoja na William Taylor, mmishenari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa na kukijua Kiswahili kwa undani. Karatasi za Taylor zilifika London, na kutoka katika karatasi hizo Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, miaka mia baada ya mtunzi kufariki. Mohamed Hassan Abdulaziz alizirudia karatasi na maelezo hayo kwa uchunguzi mpana katika kitabu chake cha mwaka 1979.

Mlolongo huu ulikuwa mwembamba. Kama Sikujua angalikuwa mchoyo wa alichokijua, au kama angalifariki miaka kumi mapema, sehemu kubwa ya sauti ya Mombasa ya zamani isingalisikika. Tena yaonekana kuwa kilichookolewa ni kile ambacho Sikujua alikiona kinafaa kuokolewa. Diwani ya Muyaka tuliyorithishwa ni chaguo la msomaji mmoja mwenye mapenzi makubwa, na yafaa isomwe kwa kukumbuka hivyo.

Wageni katika mlolongo

Mwanzoni mwa karne ya ishirini wasomaji wa aina mpya waliingia. Walikuwa wataalamu kutoka Ulaya, nao walipokewa kwa desturi ile ile ya zamani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga milango na mwandishi mwenye hati ya kupendeza, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia Alice Werner, Hichens, na Ernst Dammann aliyefika Lamu mwaka 1936. Kijuma hakuwa kalamu ya kukodishwa tu. Alizijua tungo, alijua nani ana nini, na aliwaonyesha wageni zipi zistahili kusomwa. Sehemu kubwa ya yale ambayo London na Hamburg waliyajua kuhusu ushairi wa Lamu ilipita katika chaguo lake.

Hata hivyo mlolongo ulibadilika tabia. Zamani nakala mpya ilikaa mjini au katika mji wa jirani, na msomaji aliyefuata aliweza kubisha hodi na kuiomba. Nakala iliyopanda meli kwenda maktaba ya Ulaya ilihifadhika dhidi ya mchwa, unyevu na moto, mambo ambayo yameangamiza vyuo vingi vilivyobaki majumbani. Lakini mtu wa Lamu hakuweza tena kuiazima. Ni haki kusema yote mawili. Waliochukua walihifadhi, na waliohifadhi walikata njia.

Wakati uo huo njia za chapa zilikuwa zikifunguka upande mwingine. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilivikagua vitabu kabla ya kuchapwa na kuvitia idhini yake. Pendekezo la rafiki likawa na mwenzake, pendekezo la muhuri. Shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoanza mwaka 1948, lilichapisha na pia kuazimisha vitabu. Vyombo hivi vilimfikia msomaji ambaye hakuwa na jamaa mwenye vyuo, na hiyo ni faida isiyodharauliwa. Ila muhuri huthibitisha usanifu wa lugha. Hauwezi kumwambia mtu kwa nini asilale mpaka amalize kitabu.

Baada ya Kamati kuingizwa katika Chuo Kikuu huko Dar es Salaam mwaka 1964, kazi ya kukusanya hati iliendelea kwa mwendo mwingine. J. W. T. Allen alizunguka pwani akiomba vyuo kwa wenyewe, na orodha yake iliyochapwa Leiden mwaka 1970 hutaja hati pamoja na kanda za sauti. Kuziweka kanda kando ya karatasi kulikuwa busara, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu: karatasi hubeba maandishi, na kanda hubeba usomaji. Katika miaka ya karibuni hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na hati za asili zikabaki Lamu. Namna hii yafanana na desturi ya kale kuliko ile ya kuchukua: chuo kimenakiliwa, na mwenyewe amerudishiwa.

Yanayompasa mchunguzi

Kutokana na haya yatokea mambo matatu. La kwanza, anayeandika orodha ya hati asikome kwa jina la mtunzi na idadi ya beti. Aandike pia chuo kilikuwa kwa nani, kiliazimwa kwa nani, kilinakiliwa kwa ajili ya nani, na wenye nyumba husema nini juu yake. Habari hizi hufa upesi kuliko karatasi, kwa kuwa hukaa katika kumbukumbu za wazee.

La pili, hati isomwe kwa sauti na mtu aliyepokea usomaji wake kwa mwingine, maadamu watu hao bado wapo, na usomaji huo urekodiwe. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliwasaidia wachunguzi wengi kwa sababu alikuwa na vyote viwili, maandishi na masikio. Watu wa namna yake hawaongezeki.

La tatu, nakala irudi ilikotoka. Familia iliyomwazima mtaalamu chuo cha babu yao ilimtendea kama msomaji mwenzao, na kwa sheria ya kuazima iliyomo katika neno lenyewe, anayeazima hurudisha. Ikiwa karatasi yenyewe haiwezi kurudi, picha yake yaweza, pamoja na chapa na maelezo yaliyotokana nayo. Vikirudi, vitakuta bado wapo wanaouliza swali lile la zamani, chapatikana wapi, na mtu wa mjini ataweza tena kuwajibu kwa kutaja nyumba.